Jinsi nilivyotatua nyufa kwenye uso wa ukuta wa udongo ulioimarishwa

Ukuta wetu wa kuzuia udongo ulikuwa na uso wa vipande vya zege, nyuma yake tabaka za udongo zenye geogridi, yaani wavu imara wa plastiki unaolazwa kati ya tabaka ili kuushikilia udongo. Kabla haujafika nusu ya kimo, kona za vipande zilianza kumeguka na maungio yakaachana. Wengi waliilaumu geogridi. Tulipochimba nyuma ya kipande kimoja, tukaikuta imekunjika kuelekea chini pale pale inapoungana na zege, huku sehemu iliyolala ndani ya udongo ikiwa nzima kabisa.

Hapo nikajua shida ni uso. Chini kulikuwa na udongo wa mfinyanzi laini. Kifusi, yaani udongo tuliojaza nyuma ya uso, kilikuwa kinatitia, ilhali vipande vya zege havikushuka nacho kwa kiasi kile kile. Kila tofauti iliivuta geogridi kwenye kiungo.

Sehemu iliyobaki tuliijenga kwa hatua mbili. Kwanza tulifunga kila tabaka kwa kuikunja geogridi juu ya mifuko ya changarawe, ili uso uweze kushuka pamoja na udongo. Tukapima mtitio hadi vipimo vikatulia, ndipo tukamwaga zege mbele, ikashikwa na nondo zilizopandikizwa kati ya mifuko. Japani hujenga kuta nyingi za reli kwa mtindo huu.

Kwa nini tusiishie kwenye mifuko? Uso mgumu hubeba sehemu ya mzigo, ukapunguza mvuto kwenye geogridi na kuvimba kwa ukuta. Sehemu hiyo haijapata ufa.