Tulivyoichangia hospitali ya watoto ya Juba tukiwa Kisumu

Usiku mmoja muhula wa kwanza, mwenzangu wa chumba alipigiwa simu kutoka kwao Juba. Mpwa wake wa miezi saba alikuwa amelazwa na nimonia katika hospitali ya watoto ya serikali. Alipokata simu aliniambia jambo moja tu: wodi nzima ina kifaa kimoja cha kupima oksijeni mwilini. Nesi anazunguka nacho kitanda hadi kitanda, na mtoto akizidiwa kabla zamu yake haijafika, inabidi akadiriwe kwa macho. Mpwa wake alipona, lakini usiku ule mimi sikupata usingizi.

Kesho yake tulikutana watu saba nyuma ya hosteli, kila mmoja na shilingi 50 mkononi. Tukakubaliana kuchanga hamsini kila Ijumaa, tukachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina kama chama chochote kile.

Shida ya kwanza ilitukuta wiki ya tatu. Tulikuwa tumetangaza namba ya mwenzetu mmoja ya kupokelea michango, na laini ile ilikuwa na deni la mkopo wa simu. Kila mchango ulipoingia, deni lilijikata kwanza. Kufikia jioni shilingi 1,850 zilikuwa zimemezwa. Siku aliyotueleza, machozi yalikuwa yakimlengalenga, na alizirudisha zote kidogo kidogo. Baada ya hapo tulisajili laini mpya isiyo na mkopo wowote. Namba ya siri aliijua mweka hazina peke yake, lakini simu yenyewe ilikaa kwa katibu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kutoa hata shilingi moja bila mwenzake. Kila jioni picha ya daftari ilitumwa kwenye kundi letu la WhatsApp: nani katoa, katoa ngapi, salio ni lipi. Ukitaka kuanzisha kundi kama hili, anza na hilo kabla hujamwomba mtu yeyote pesa.

Tulipofikisha 14,000 mikono ilianza kutuwasha. Tulitaka kununua vile vipimo vidogo vya kubana kidoleni vilivyojaa madukani tangu wakati wa korona. Bahati nzuri mwenzangu alikuwa ametuunganisha na nesi wa wodi ile, mama aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma hapa Kenya na anayezungumza Kiswahili vizuri. Akatutumia ujumbe wa sauti: “Wanangu, asanteni sana, lakini hicho msininunulie. Hicho ni cha kidole cha mtu mzima.”

Tuliazima kimoja ili tujionee wenyewe. Mama anayetuuzia chapati langoni alikubali tumjaribu mwanawe wa miezi minne. Kidole cha mtoto kilipotelea ndani ya kibanio. Namba zikaruka, asilimia 71, mara 88, kisha vistari vitupu, na kifaa kikadondoka kwenye leso. Mtoto mwenyewe alikuwa mzima kabisa, anacheka. Nikawaza daktari akiisoma ile 71 saa nane za usiku.

Nesi alichohitaji ni kipimo chenye waya wenye utepe laini wa kufunga unyayoni mwa mtoto, pamoja na nyaya za akiba, kwa sababu waya ndio huharibika kwanza. Alitufafanulia kwa subira. Mtoto akishuka chini ya asilimia 90 anawekewa oksijeni. Mashine yao inavuta hewa ya kawaida, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21 tu, inachuja naitrojeni na kutoa lita tano za oksijeni kwa dakika. Mtoto mchanga anatosheka na nusu lita hadi lita moja, basi mashine moja inaweza kugawiwa watoto kadhaa, mradi ujue nani anahitaji na nani ameshapata nafuu. Bila kipimo hulijui hilo. Hapo ndipo nilipoelewa tulikuwa tunachangia nini hasa.

Bei ilipanda. Vipimo viwili kwa 17,500 kila kimoja na nyaya nne za akiba kwa 3,000 kila mmoja, jumla 47,000. Hamsini za Ijumaa zisingefika huko. Tulifuatilia leseni, maana sheria ya Kenya haikuruhusu kuchangisha umma hivi hivi tu, na hilo peke yake lilitula majuma matano ya nenda rudi. Kisha tukaenda Kibuye siku ya Jumapili, soko likiwa limefurika.

Mama mmoja muuza omena alinisikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye kopo la kupimia, kisha akasema, “Nyathina, hapa Russia kwetu wagonjwa wamejaa. Unanichangisha wa Juba?” Nyathina ni “mwanangu” kwa Kijaluo, na Russia ni jina la mtaani la hospitali yetu ya rufaa ya Kisumu.

Swali lake lilikuwa la haki, na nilikuwa nimejiuliza hilohilo. Nikamwambia, “Mama, hata sisi tunaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Ilifunguliwa 1969. Kuna watu wasiotujua waliotujengea.” Alikaa kimya, akamhudumia mteja, akafungua fundo la leso na kunipa shilingi 100. Kisha akamwita jirani yake wa nyanya. Siku hiyo tuliondoka na 9,240, nyingi zikiwa sarafu. Makanisa mawili na kuosha magari vikatufikisha mwisho.

Vifaa vilisafiri na mwenzangu likizo ya Desemba, kwa basi kupitia Busia, Kampala na Gulu hadi mpaka wa Nimule. Sudan Kusini imo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, lakini tulikuwa tumeiomba hospitali barua yenye muhuri inayotaja kila kifaa na kwamba ni msaada. Barua hiyo ilisomwa mpakani neno kwa neno, akapita.

Tarehe 23 picha ikaingia: unyayo mdogo umefungwa utepe, na pembeni kijitaa cha kijani kinaonyesha 94. Chini yake nesi alikuwa ameandika kwamba vichujio vya mashine ya oksijeni vimechakaa, akaambatanisha picha ya kibandiko chenye namba ya modeli ili tusikosee. Kufikia Ijumaa iliyopita tuna 6,300.