Ugali, kisha hadi steji

Jumapili usiku. Mvua imekatika sasa hivi na soja wa geti keshaniuliza, "Leo hutembei, mama?" Basi nikatoka. Dakika ishirini, hadi steji, nikazunguka nyuma ya kanisa, nikarudi na matope ya vifundoni.

Februari kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, kilisoma 6.2. Kisukari huanzia 6.5. Daktari alinieleza hivi: insulini ndiyo inayobisha hodi kwenye misuli ili sukari iingie. Misuli ikishakuwa kiziwi, kongosho hutuma wabisha hodi wengi zaidi, mpaka siku moja inachoka.

Nikaamini mchawi ni sukari ya chai. Nikaiacha, na kwa wiki mbili nilikuwa mkali hata kwa paka. Mama alipokuja kunitembelea alionja kikombe changu, akakirudisha mezani polepole. "Mwanangu, hii ni chai ama dawa?"

Lakini kumbe nilikuwa nashinda nimekaa: ofisini kutwa, kisha saa nzima na zaidi kwenye jam ya Mombasa Road, halafu ugali mlima mzima saa tatu usiku, na moja kwa moja kitandani. Hiyo misuli ingefungua mlango ya nini? Haikuwa na kazi na hiyo sukari. Ukitembea, inaivuta yenyewe, hata insulini ikiwa imelegea.

Siku hizi managu hujaza nusu ya sahani, nayo huliwa kwanza, pamoja na omena. Ugali ni wa ukubwa wa ngumi. (Ngumi yangu, si ya mume wangu, tumeshabishana.)

Kaka yangu alisema nimeze tu metformini niache kujitesa. Nikamsomea utafiti wa Marekani wa 2002, wa watu waliokuwa ukingoni kama mimi: dawa hiyo ilipunguza waliopata kisukari kwa asilimia 31, ilhali kutembea dakika 150 kwa wiki na kupunguza uzito kidogo kulipunguza kwa asilimia 58. Akanyamaza, akaongeza chapati.

Juni nilipima tena: 5.8. Bado niko ukingoni. Kilo zimepungua nne tu, ila mshipi umerudi matundu mawili.

Viatu nimeviegemeza nyuma ya friji, kwenye joto. Kesho usiku vitakuwa bado vibichi.