Siku moja ya kukarabati ghala la zamani lililojengwa kwa matofali kando ya Ziwa Victoria, Kisumu

Saa moja asubuhi. Tunaanza na ukuta unaotazama ziwa, ndio unaopigwa na upepo na mvua. Reli ilipofika hapa Desemba 1901 mahali hapa paliitwa Port Florence, na mizigo ya Uganda ilishushwa melini ikapakiwa kwenye garimoshi. Ukuta unakaguliwa kwa jicho na kiganja: unga mweupe wa chumvi, tofali linalomeguka uso. Hapo karibu utakuta saruji iliyopakwa miaka ya baadaye.

Tofali laini la zamani hunywa maji, kisha huyatoa kupitia viungo vya chokaa, yaani mistari iliyo kati ya matofali. Ukiviziba kwa saruji, maji hutokea kwenye tofali lenyewe. Yakikauka, chumvi huganda ndani na kulipasua. Saruji inabaki nzima, tofali linaliwa. Inaumiza, maana aliyeipaka alidhani anaukinga ukuta.

Saa mbili. Tunaitoa saruji viungoni: patasi nyembamba na nyundo ndogo, kina cha milimita 25. Grainda marufuku: ikiteleza mara moja tu, ukingo wa tofali umekwenda.

Saa nne. Chokaa imelala majini tangu jana. Karai moja ya chokaa kwa tatu za mchanga mkali uliochekechwa. Mchanga wenye udongo huleta nyufa. Maji kidogo, donge lisichuruzike. Vaa glavu na miwani, chokaa huunguza macho. Fagia viungo na uvinyunyizie maji, la sivyo tofali kavu litaikausha chokaa kabla haijashika. Jaza kwa tabaka, ukisindilia.

Saa sita tunahamia upande wa kivuli.

Saa nane, paani. Gata likiziba, kazi yote ya asubuhi ni bure. Bati lenye kutu ya juujuu halitupwi: brashi ya waya, kisha redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu. Ncha za boriti zilizoingia ukutani huchomwa kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, kuna uozo au mchwa. Kata palipooza tu, unga mbao mpya.

Saa kumi. Mvua ya jioni huosha kiungo kibichi, kwa hiyo turubai hufungwa juu ya jukwaa, na magunia mabichi hutundikwa ukutani. Yaloweshwe asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Chokaa hukomaa kwa kuvuta kabonidioksaidi hewani, takriban milimita moja kwa mwezi. Ikikauka haraka hubaki unga.