Ukame peke yake haukutupiganisha

Ukame ukitajwa redioni, hakosi mtu wa kusema ndio uliotupiganisha Tana Delta, pwani ya Kenya, mwaka 2012. Ni nusu ya kweli. Mvua zikikosekana, Waorma hushusha ng'ombe mtoni, na sisi Wapokomo tuna mahindi na migomba ukingoni. Malka, zile njia za mifugo kwenda kunywa, zikizibwa na mashamba, ugomvi hauko mbali.

Lakini kiangazi kilikuwepo tangu enzi za babu, na wazee wetu wa gasa, baraza la Wapokomo, walikaa na wenzao wa Kiorma wakaelewana. Agosti ile, kijijini Riketa, waliuawa Waorma zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Uchaguzi wa 2013 ulikuwa umekaribia. Mvua zikichelewa tena, nitauliza kwanza wanasiasa wanasema nini mikutanoni.