Sikio lisilosikia dawa

Simba alianza kukuna sikio la kushoto kama utani hivi. Anakuna, anatikisa kichwa, anakuna tena, afu analisugua sakafuni. Nikachungulia ndani nikaona pamekuwa pekundu na kuna uchafu wa njano unanuka, ile harufu ambayo ukishaisikia mara moja huisahau. Nikafanya kitu ambacho leo kinaniuma kukiandika: nilikuwa na vidonge vya amoksilini, ile antibayotiki, vilivyobaki toka nilipoumwa koo mimi mwenyewe, nikawa navunja nusu nampa kwenye chakula, siku tatu. Akapata nafuu, nikaacha. Wiki mbili mbele likarudi, baya kuliko mwanzo. Daktari wa mifugo akampa dawa nyingine, likatulia, likarudi. Akabadilisha dawa, likarudi tena. Mara hiyo akasema sasa hatubahatishi tena, akachukua kijiti chenye pamba akakizungusha ndani ya sikio taratibu, mbwa analia mi nimemshika kichwa, akakitia kwenye kichupa kikaenda maabara kuoteshwa.

Majibu yalipokuja alinionyesha na picha. Ni kisahani cha mviringo chenye kitu kama jeli rangi ya majani makavu, juu yake wamepaka wale bakteria wa Simba mpaka wamejaa kama ukungu mzito, halafu wamepanga viduara vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Pale dawa inapofanya kazi unaona kuzunguka karatasi pamebaki peupe, hakuna kilichoota, na wanapima huo upana kwa milimita. Sasa kwenye kisahani cha Simba karatasi nyingi zilikuwa zimezungukwa na bakteria mpaka ukingoni kabisa, wameota wamegusa karatasi, yaani kama vile ile dawa haipo. Viwili tu ndo vilikuwa na uwazi wa maana. Tunasemaga sikio la kufa halisikii dawa tukimaanisha mtu mbishi, siku hiyo niliuona huo msemo kwa macho.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Dada, nyumbani unaishi na nani? Kuna mtoto mchanga, mtu mwenye kidonda, mtu anayesubiri operesheni?"

Mama yangu alikuwa anasubiri operesheni ya goti. Na Simba kila jioni analala miguuni kwake.

Toka hapo nimesoma sana. Mi sio daktari ila nimesoma kwa uchungu, na kitu kikubwa nilichokipata ambacho nataka kila anayeishi na mnyama au anayefuga akijue ni hiki: kubeba bakteria na kuumwa ni vitu viwili tofauti. Huyo bakteria wa Simba anaitwa Staphylococcus pseudintermedius, ni mkazi wa kawaida kabisa kwenye ngozi na pua za mbwa, wengi wanaye na hawana shida yoyote. Binadamu anampata mara chache, na mara nyingi ni mtu anayekaa karibu na mbwa. Lakini bakteria akishakuwa sugu, yaani dawa hazimuui tena, hambadilishi mbwa sura, mbwa hapungui uzito, hakohoi. Ng'ombe, kuku, nguruwe, paka, wote wanaweza kuwa na bakteria sugu utumboni au puani huku wanakula vizuri na manyoya yanang'aa. Kwa hiyo ile tabia yetu ya kumwangalia mnyama na kusema huyu mzima, kwenye hili haitusaidii kitu.

Kuna kisa cha Uholanzi kilinishika kwa sababu ya mama. Mwaka 2004 mtoto wa kike wa miezi 6 alikuwa anaandaliwa kwa operesheni, wakampima wakakuta ana MRSA, ile Staphylococcus aureus sugu ambayo hospitali zote zinaiogopa. Nchi yenyewe ina MRSA kidogo sana kwa jinsi walivyo wakali, kwa hiyo wakajiuliza imetoka wapi. Wazazi wake walikuwa wafugaji wa nguruwe. Ndo ikaja kujulikana kwamba kuna aina nzima ya MRSA inayokaa kwa mifugo, na wafugaji wengi wa nguruwe walikuwa wanaibeba puani bila kujua, wako kazini wazima.

Lingine ni la zamani zaidi, 1976. Mtafiti wa Marekani anaitwa Stuart Levy alichukua shamba dogo, akawapa kuku chakula chenye antibayotiki ya tetrasaiklini kidogo kidogo, ile ya kukuzia sio ya kutibu. Muda mfupi tu matumbo ya wale kuku yakajaa bakteria sugu. Hilo labda lingetegemewa. Ila ndani ya miezi 5 au 6 watu wanaoishi pale shambani nao wakawa nao kwa wingi, kuliko majirani zao, na hakuna aliyekula kile chakula cha kuku. Na sio tetrasaiklini peke yake, bakteria walikuwa wameshakuwa sugu hata kwa dawa ambazo hawakupewa kabisa. Nilisoma hiyo sehemu mara tatu.

Inawezekanaje? Hapa ndo penye jambo lenyewe. Wengi tunafikiri usugu ni kitu anachozaliwa nacho bakteria na kuwarithisha watoto wake basi. Kumbe wanapeana. Wana vipande vidogo vya jeni vya mviringo vinaitwa plasmidi, viko pembeni ya jeni zao kuu, na bakteria mmoja anaweza kumgusa mwingine akampa nakala, hata kama sio wa ukoo mmoja. Yaani bakteria asiye na madhara kabisa utumboni mwa kuku anaweza kuwa stoo ya silaha, afu siku akikutana na yule mbaya anamgawia. Na mara nyingi kwenye plasmidi moja kuna jeni za usugu kadhaa zimepangana kama treni, ndo maana ukitumia dawa moja unaweza kuwa unafuga usugu wa nyingine tatu.

Mfano wake wa kutisha ni kolistini. Hii ni dawa ya zamani, madaktari waliiweka kando kwa sababu inaumiza figo, ila nyingine zilivyoanza kushindwa ikabidi irudi, ikawa ile ya mwisho kabatini, ukifika hapo huna pengine pa kwenda. Wakati huo huo upande wa mifugo ilikuwa inachanganywa kwenye chakula kwa matani, nguruwe wanenepe. Novemba 2015 watafiti wa China wakatangaza wameipata jeni ya usugu wa kolistini, mcr-1, na iko kwenye plasmidi, yaani inahama. Walikuwa wanapima E. coli, bakteria wa utumboni: wakaikuta kwenye asilimia 15 ya sampuli za nyama mbichi, asilimia 21 ya wanyama, na asilimia 1 ya wagonjwa waliolazwa. Ziangalie hizo namba zilivyopangana, unaona kabisa mto unatokea wapi kwenda wapi. Muda mfupi baadaye nchi nyingine zikafungua sampuli zao za zamani kwenye friji na kuikuta nako.

China mwaka 2017 ikapiga marufuku kolistini kama kikuzio, na vipimo vilivyofuata vikaonyesha mcr-1 imepungua kwa wanyama na kwa watu pia. Hilo limenipa nguvu kweli. Inamaanisha sio kwamba yameshamwagika basi hayazoleki.

Kuna swali niliulizwa na rafiki yangu, kwani si wanasema ukisubiri siku kadhaa baada ya sindano ndo nyama na maziwa vinakuwa salama? Hapana, hapo tunachanganya mambo mawili. Zile siku za kusubiri ni kwa ajili ya mabaki ya dawa, dawa yenyewe iishe mwilini mwa mnyama. Bakteria waliobaki hai baada ya dawa hawamaliziki kwa kusubiri, mnyama anaweza asiwe na chembe ya dawa na bado amejaa vijidudu sugu. Habari njema ni kwamba bakteria sugu anakufa kwa moto kama mwenzake yeyote, usugu wake ni wa dawa sio wa moto, nyama ikiiva mpaka ndani amekwisha. Shida ni kabla ya kuiva: mikono, kisu, ubao, sinki. Na tafadhali acheni kuosha kuku mbichi chini ya bomba, yale maji yanaruka mbali kuliko unavyodhani, mpaka kwenye kachumbari.

Nisieleweke vibaya, sisemi wanyama wasitibiwe. Mnyama mgonjwa anastahili dawa, mi nimemshika kichwa mbwa wangu analia najua. Ninachokipinga kwa moyo wote ni kumpa dawa mnyama mzima, kila siku, kwa dozi ndogo, ili anenepe haraka au kwa sababu wamebananishwa mpaka wanaumwa. Dozi ndogo ya muda mrefu ndo shule yenyewe ya bakteria, wadhaifu wanakufa wagumu wanabaki wanazaana. Umoja wa Ulaya walizuia vikuzio vyote vya antibayotiki toka Januari 2006, na Denmark walianza mapema zaidi, 1995 waliizuia avopasini ambayo ni ndugu wa vankomaisini tunayotumia hospitali, na bakteria sugu kwa kuku wakashuka. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani nalo likashauri wafugaji waache kabisa kuwapa wanyama wazima kwa ajili ya kukuza. Ila mfano ninaoupenda mimi ni wa Norway na samaki. Mwaka 1987 wafugaji wao wa samoni walitumia karibu tani 50 za antibayotiki kwa mwaka. Zikaja chanjo za samaki. Leo wanafuga zaidi ya tani milioni moja za samoni na antibayotiki haifiki hata tani moja. Chanjo, jamani. Na nafasi, na usafi.

Ukweli mwingine lazima niuseme hata kama unachanganya kidogo. Sio kila usugu kwa wanyama tumeuleta sisi. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba kuna aina ya MRSA ilitokea kwa kalunguyeye wa Ulaya miaka kama 200 iliyopita, kabla hata ya antibayotiki ya kwanza kuingia hospitali, kwa sababu kwenye ngozi ya kalunguyeye kuna kuvu anayetoa kitu cha aina ya penisilini, na bakteria wa hapo hapo ikabidi wajifunze kuishi nacho. Kwa hiyo silaha zilikuwepo porini siku zote. Sisi tulichofanya ni kuzipa soko. Na sahivi zinarudi porini kwa njia ya maji taka na samadi, ndege wa baharini wanaokula majalalani wamekutwa nazo, na ndege hana mpaka.

Watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu. Sio wote hao ni kutoka kwa wanyama, sehemu kubwa ni matumizi yetu wenyewe watu na maambukizi ya hospitali, na kusingizia mifugo kila kitu ni uongo. Lakini ni mto mmoja. Mimi mwenyewe niliuongezea maji kwa nusu kidonge. Fleming, aliyegundua penisilini 1928, alipopewa Nobel mwaka 1945 alitoa mfano wa mtu anayeumwa koo, ananunua penisilini mwenyewe, anakunywa kidogo isiyotosha kuwaua bakteria ila inatosha kuwafundisha, anamwambukiza mkewe, na mke ndo anayekufa. Koo. Vidonge vyangu vilikuwa vya koo. Labda usugu wa Simba haukuanzia kwenye zile siku tatu, daktari aliniambia huwezi kujua, anaweza kuwa aliupata muda mrefu kabla. Nimevitupa vilivyobaki hata hivyo, nilivirudisha famasia sikuvitia chooni.

Nyumbani tulibadilika. Nilikuwa navaa glavu kumsafisha sikio, nanawa, blanketi lake lilifuliwa kwa maji ya moto, hakuna kulambana uso, nyama mbichi aliyokuwa anapewa ilikoma maana nayo ni njia. Na kabla ya operesheni nilimwambia daktari wa mama kila kitu, niliona aibu lakini nilimwambia, na picha ya kisahani nikamwonyesha kwenye simu. Hakucheka. Alimchukua mama kipimo cha puani, wakasubiri majibu. Yalitoka hana kitu. Goti likafanyiwa.

Simba naye hakutibiwa kwa kidonge kingine. Ilikuwa ni kuosha sikio kwa dawa ya kuua vijidudu kila siku wiki hadi wiki, matone ya moja ya zile dawa mbili zilizobaki, na kutibu mzio ambao ndo ulikuwa unaliwasha toka mwanzo, ambao hakuna antibayotiki duniani ingeugusa. Limepona, halinuki. Daktari amenikumbusha sikio kupona sio bakteria kuondoka, anaweza kuendelea kumbeba kwenye ngozi miezi na miezi, mzima kabisa.

Kidonda cha mama kimebaki sehemu mbili ndogo hazijafunga vizuri. Mpaka zifunge Simba analala nje ya mlango wa chumba. Usiku namsikia anaukwangua kwa kucha, na mama ndani anamwambia kwa sauti ya chini, ngoja baba, bado kidogo.