Kumbukumbu ya Mradi Wangu: Geji za Hilux Kuukuu

Pikapu yangu ni Hilux ya mwaka 1986 yenye injini ya dizeli ya 2L. Niliachiwa na marehemu ami, na kazi yake kubwa ni kubeba magunia ya karafuu kutoka shamba hadi Wete msimu unapoingia. Tangu masika yaliyopita mshale wa joto ulikuwa ukipanda hadi ukingoni hata dakika kumi hazijatimia tangu gari kuwashwa. Mara mbili nilisimama njiani baina ya Chake Chake na Wete, nikasubiri injini ipoe, nikafungua rediyeta kwa kitambaa na kukuta maji yamejaa hadi mdomoni. Mshale wa mafuta nao ulikwama kwenye alama ya tangi lililojaa, jambo nililolipuuza hadi siku dizeli ilipokatika mlimani, nikalazimika kusukuma pampu ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka hewa yote itoke, huku magunia yamenikodolea macho nyuma.

Fundi wa umeme niliyemwendea alitazama mara moja tu akasema, "Mwalimu, hizo geji zimekufa, agizia nyingine Dar zije na meli." Ushauri huo haukuniingia. Geji mbili haziharibiki kwa namna moja ndani ya juma moja isipokuwa kuna kitu zinachoshirikiana. Isitoshe, geji za mtumba zingekuja na kilomita za gari jingine, nami sikutaka dashibodi inisimulie safari ambazo pikapu hii haikuzifanya.

Kabla ya kugusa dashibodi nilianza na sensa zenyewe, yaani vipande vinavyopima joto la injini na mafuta ya tangi na kupeleka habari kwenye geji. Nilichomoa waya wa sensa ya joto kwenye injini, nikafungua swichi, na mshale ukashuka hadi upande wa baridi. Waya wa sensa ya tangi ulipochomolewa, mshale wa mafuta nao ulishuka hadi chini. Hiyo ilinionesha kwamba hakuna waya uliochubuka na kugusa bodi njiani. Kisha nilitoa sensa ya tangi na kuipima ukinzani wake wa umeme: omu 4 boya likiwa juu kabisa, omu 108 likiwa chini kabisa, na baina ya hapo namba zilipanda taratibu bila kuruka. Sensa zilikuwa nzima. Kwa hiyo ubovu ulikuwa mbele yangu, nyuma ya usukani.

Jumamosi asubuhi nilifungua terminali hasi ya betri, kisha nikaondoa fremu ya plastiki inayozunguka geji. Baadhi ya skrubu zake zimejificha juu, ndani ya kivuli cha dashibodi, na asiyezitafuta kwa kidole atavuta kwa nguvu na kuipasua fremu. Geji zenyewe zilishikwa na skrubu nne za nyota. Sehemu iliyonitoa jasho ni kebo ya spidomita: haiwezekani kuvuta geji nje kabla ya kuitoa, na haiwezekani kuiona kabla ya kuvuta geji nje. Niliingiza mkono kwa nyuma, nikapapasa mpaka nikapata kidude cha plastiki cha kubonyeza, na baada ya kukibonyeza kebo ikaachia kwa mlio mdogo. Soketi mbili za nyaya nilizitoa polepole kwa kubana pembeni na kutikisa, kwa sababu plastiki ya umri huu huvunjika kama ganda la yai. Na maganda ya mayai yalikuwemo kweli: mawili, ya mjusi kafiri, nyuma kabisa.

Nyuma ya geji hakuna nyaya, bali kuna karatasi ya plastiki yenye njia nyembamba za shaba zinazogawa umeme kwa kila mshale na kila taa. Geji za mafuta na joto za gari hili hazitumii volti 12 moja kwa moja. Kuna kidhibiti kidogo ndani yake, kipande cha metali mbili kinachopashwa moto na koili, kinachokata na kurudisha umeme mara kwa mara ili wastani uwe karibu volti 7 hata betri ikipanda au kushuka. Koili hiyo inahitaji ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari. Ethi ikikatika, kipande hakipati moto, umeme haukatwi kamwe, na geji zote mbili hupokea volti 12 na kupanda kupita kiasi kwa pamoja.

Skrubu ya ethi ilikuwa imezungukwa na kutu ya kijani, na chini yake njia ya shaba ililiwa kwa upana wa punje ya mchele. Hewa ya chumvi ya Pemba haihitaji miaka mingi kufanya hivyo. Nilisafisha shaba kwa ufutio wa penseli, si kwa msasa, kwa sababu msasa ungemaliza kidogo kilichobaki, kisha nikaunga pengo kwa uzi mmoja wa waya na risasi ya kulehemu. Mahali pamoja nilichelewesha pasi ya kulehemu na plastiki ikakunjamana. Namshukuru Mungu shaba haikubanduka.

Niliunganisha geji na betri juu ya meza, nikaweka taa ndogo ya majaribio kwenye njia ya kidhibiti. Mwanzo iliwaka mfululizo, kisha baada ya sekunde chache ikaanza kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika. Nilikaa nikaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Spidomita niliijaribu kwa drili ya betri na kipande cha chuma cha pembe nne. Kwa kipimo cha Kijapani, mizunguko 637 kwa dakika ni kilomita 60 kwa saa, na mshale ulisimama karibu na hapo bila kutetemeka. Kebo niliipaka grisi kidogo sana, kwani ikizidi hupanda hadi ndani ya spidomita. Globu tatu zilizokufa nilizibadilisha.

Jumapili nilipanda mlima uleule nikiwa na mzigo, na mshale wa joto ulibaki chini kidogo ya katikati. Nilipotia lita 20 mshale wa mafuta ulinyanyuka taratibu, kama mtu anayeamka usingizini. Odomita sikuigusa. Inasoma 48,216, na kwa kuwa hurudi sifuri baada ya 99,999, ni ami peke yake aliyejua imezunguka mara ngapi.