Mtambo Wameununua, Fundi Je?

Washindani wetu wamenunua mtambo wa kuchapa kama wetu. Si unaofanana nao, ni uleule: mtengenezaji yuleyule, rangi sita, kasi ileile. Habari zilipotufikia kiliitishwa kikao cha dharura, na watu wa mauzo wakazungumza kama vile kampuni imeshafungwa. Mimi kazi yangu ni rasilimali watu katika kampuni inayochapa maboksi na vifungashio, na kwenye vikao vya namna hiyo huwa sina mengi ya kusema. Safari hii nilikuwa na swali moja tu: nani atauendesha?

Maana mtambo unanunulika. Mwenye fedha, au anayekopesheka, anaagiza, anashushiwa, anafungiwa, watu wake wanapewa mafunzo ya siku chache, basi. Asichoshushiwa ni kile anachokijua mzee wetu wa zamu ya asubuhi, ambaye kiwanda kizima humwita Fundi, kana kwamba wengine ni wageni waalikwa.

Fundi huwahi kabla ya wenzake, na anachokiendea kwanza si mtambo, ni karatasi. Karatasi hunyonya unyevu wa hewa. Ukiitoa ghalani na kuiingiza mashineni papo hapo, hutanuka au kujikunja, na rangi ya pili haikai juu ya ya kwanza. Kwa hiyo mzigo wa kesho huagiza usogezwe leo, ulale chumba cha mitambo. Hilo limo kwenye mwongozo, kila mtu anaweza kulisoma. Lisilomo ni linalofuata. Anawasha rola za wino, anasimama kando, kichwa kimeinama, anasikiliza. Wino ukiwa wa kiasi, rola hutoa mlio mwembamba, kama kitu kinachokaangwa chumba cha pili. Ukizidi, mlio unageuka kuwa wa kubandukabanduka. Siku moja nilimkuta na kijana anayejifunza kwake. Kijana amekaza macho kwenye skrini, na skrini inasema kila kitu ni shwari. Fundi akasema, "Simamisha." Wakachukua karatasi ya juu, wakaiweka chini ya lenzi, na kweli, zile nukta ndogo za rangi zinazounda picha zilikuwa zimeshaanza kuvimba. Kwa jicho tupu mimi sikuona kitu hata baada ya kuonyeshwa.

Gharama kubwa kuliko zote kwenye kazi yetu ni malighafi, yaani hiyo karatasi. Anayepata rangi sahihi baada ya karatasi chache za majaribio anaweza kushusha bei na bado akapata faida. Anayezitupa kwa marundo hawezi, hata awe na mtambo mpya kiasi gani. Sikio la Fundi limo ndani ya bei tunayompa mteja, ingawa kwenye vitabu vya mhasibu halionekani popote.

Nayasema haya kwa sababu biashara ya vipaji imejaa maneno. Mwaka 1997 washauri wa biashara wa kampuni ya McKinsey walieneza msemo wa vita vya kugombea vipaji, na tangu hapo mameneja wengi wameamini kwamba kazi ni kumnyakua nyota wa jirani kwa mshahara mnono. Boris Groysberg wa Harvard aliwafuatilia wachambuzi nyota wa hisa zaidi ya 1,000 wa Wall Street, mtaa wa mabenki na soko la hisa jijini New York, watu ambao ungedhani kazi yao yote iko kichwani. Waliohamia kampuni nyingine, kwa wastani, walishuka kiwango, na wengi hawakurudi juu haraka. Waliohama na timu zao waliumia kidogo. Kumbe sehemu ya kipaji cha mtu inakaa kwa wenzake: yule anayemletea takwimu, yule anayemkosoa, mfumo aliouzoea. Ukimng'oa peke yake unapata nusu ya ulichokilipia.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa magari. General Motors walikuwa na kiwanda huko Fremont, California, kilichosifika kwa utoro na ugomvi wa wafanyakazi na wakubwa wao. Walikifunga mwaka 1982. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI, na wengi walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani. Walewale! Sasa kila mfanyakazi aliruhusiwa kuvuta kamba kuomba msaada akiona kasoro, hata ikibidi njia ya uzalishaji isimame, na kiongozi wake alikuja kusaidia badala ya kugomba. Utoro ulishuka na ubora ukapanda. Na General Motors, waliokuwa wabia humohumo ndani wakiona kila kitu, walihangaika miaka mingi kuuhamishia utaratibu huo kwenye viwanda vyao vingine. Hiyo kwangu ndiyo faida ya kiushindani: mwenzako anaiona kwa macho yake na bado hawezi kuondoka nayo.

Kwetu hatujafika huko. Tuna mkubwa mmoja ambaye akiombwa amshukuru mtu hadharani hujibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ni methali nzuri, lakini kwenye mahojiano ya wanaoacha kazi hilo la kutotambuliwa nalisikia kuliko jingine lolote. Tulikuwa pia na desturi ya kumpandisha fundi bora kuwa msimamizi, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kumwongezea mshahara. Unampoteza fundi hodari, unampata msimamizi anayechukia kupanga ratiba za likizo. Nilipigania ngazi ya pili, ya fundi mkuu, inayolipwa sawa na msimamizi bila kumsimamia mtu, na nashukuru imepita, ingawa wasimamizi walinuna.

Wale wenye mtambo mpya walimpigia simu Fundi, kama nilivyotarajia. Alikuja kuniambia mwenyewe, amesimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Mama, hela yao ni nzuri," alisema. "Sitakudanganya."

Nikamuuliza anataka nini ili abaki. Nilijiandaa kusikia kiasi cha fedha, na kilikuwepo, na tulikikubali. Siungi mkono wanaohubiri kwamba pesa si kitu, hasa wao wakiwa wamelipwa vizuri. Lakini la kwanza alilotaja ni yule kijana. Kila alipoanza kushika kazi, ratiba ilimhamishia zamu nyingine. "Namfundisha nusu, mnanichukulia. Mwacheni na mimi."

Ombi hilo linatufaa sisi kuliko yeye. Maarifa yaliyo kichwani mwa mtu mmoja anayekaribia kustaafu ni mali yake, si ya kampuni, na siku akiaga yanatoka naye getini. Kwa hiyo kijana sasa ana zamu ya kudumu na Fundi, na kwa mwaka huu nimeomba wanafunzi wengine wawili wa namna hiyo, walipwe mshahara kamili huku wakizalisha kidogo. Mkurugenzi alikunja uso. Mafunzo ndiyo hukatwa kwanza mauzo yakilegea, hilo sote tunalijua.

Mhasibu ameniuliza gharama hiyo aiingize kwenye fungu gani la bajeti. Nimemwambia aiweke chini ya matengenezo ya mitambo. Huko hakuna anayethubutu kukata.